Nyakarenzo: Rafu Moja, Maandishi Mawili ya Kichina

Kona ya kusini-magharibi ya Rwanda ni nchi ya mteremko. Ziwa Kivu limekaa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Bonde la Bugarama, ambako Mto Rusizi unaiaga Rwanda, liko karibu mita 950, na hakuna mahali pengine nchini palipo chini zaidi ya hapo. Kati ya ziwa na bonde vimejipanga vilima, na kwenye vilima hivyo ndipo ilipo Nyakarenzo, mojawapo ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo watu wengi bado wanaiita Cyangugu. Migomba imefunika miteremko, mihogo na maharage yamejaza nafasi iliyobaki, na mikaratusi imesimama juu ya migongo ya vilima. Asubuhi isiyo na ukungu utaiona milima ya Kongo ng'ambo ya mto, imekaribia kiasi cha kutaka kuipigia hodi.

Wageni wengi wanaofika Rusizi huwa wana haraka. Wengine wametoka kuangalia sokwe wa Nyungwe na wanarudi Kigali, wengine wanakimbilia mpakani kuvuka kwenda Bukavu. Mimi nawaambia wasimame. Nyakarenzo ina uzuri wake wa macho, na juu ya huo ina somo ambalo watu hulifuata mbali sana: jinsi maandishi mawili ya Kichina, yale ya jadi na yale yaliyorahisishwa, yalivyoigawana dunia, na jinsi yanavyokutana tena kwenye rafu ya duka la kijijini.

Kutoka Kigali, mabasi ya Rusizi yanaondokea stendi ya Nyabugogo. Barabara inapita Muhanga, inapita jirani na Rubona, ambako kituo cha kilimo cha Rwanda na China kinawafundisha wakulima kuotesha uyoga kwa majani, inafika Huye na Nyamagabe, kisha inazama ndani ya msitu wa Nyungwe. Msitu huo uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023, na ukiupita kwa basi utaelewa kwa nini: miti imefunga anga, baridi inakuingia hata ukiwa na sweta, na kima wanavuka lami bila wasiwasi. Ukitoka msituni unapokewa na chai, kwanza mashamba ya Gisakura, halafu ya Shagasha, kijani kilichokatwa kwa usawa hadi ukingo wa upeo. Kamembe, mji mkuu wa wilaya, ni mahali pa kushuka na kula sambaza, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo ni chakula cha kila nyumba huku. Baada ya hapo unachukua pikipiki, unavaa kofia ngumu unayopewa na dereva, na vilima vya Nyakarenzo vinaanza.

Mswahili hapotei huku. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini watu wa Rusizi hawakusubiri sheria. Biashara na Bukavu na Uvira iliwafundisha zamani. Unasalimiwa kwa Kinyarwanda, "Mwaramutse", unajibu kwa Kiswahili, na mazungumzo yanaendelea kama kawaida. Kiswahili chao kina ladha ya Kongo, kina Kifaransa ndani yake, na kina upole ambao mtu wa pwani ataufurahia.

Duka nililoingia lilikuwa la chumba kimoja, kwenye kituo cha biashara kando ya barabara. Rafu zake zilikuwa na vitu vya kila duka la Maziwa Makuu: chumvi, sabuni za vipande, betri za redio, chupa za chai zenye maua mekundu, tochi za sola, maboksi ya simu. Mama mwenye duka alinikaribisha kwenye benchi, akaniuliza nimetoka wapi, akanionea huruma kwa baridi ya Nyungwe. Nikamwomba dawa ya kuchua kichwa. Akaweka mbili mezani.

"Hii ndogo ni ya mafua na kichwa," akasema. "Hii ya chupa ni ya viungo, wazee ndiyo wanaipenda. Bei yake iko juu kidogo, kaka."

Ya kwanza ilikuwa lile kopo jekundu dogo kuliko kifuniko cha soda, linalofahamika Afrika nzima. Ya pili ilikuwa kichupa cha kioo chenye picha ya chui milia, yaani Tiger Balm. Nikavigeuza vyote viwili kwenye mwanga wa mlango. Kwenye kopo jekundu kulikuwa na herufi tatu: 清凉油. Kwenye boksi la kichupa kulikuwa na tano: 虎標萬金油. Herufi ya mwisho, 油, yenye maana ya mafuta, ni ileile kwenye dawa zote mbili. Lakini itazame ya tatu kwenye boksi la chui, 萬, yaani elfu kumi. Ina majani juu, ina kiwiliwili kilichogawanywa vyumba, ina mkia uliojikunja. Mtoto wa shule wa Beijing hafundishwi kuiandika hivyo. Yeye anaandika 万, mistari mitatu, basi. Sasa rudi kwenye kopo jekundu, kwenye herufi ya katikati, 凉, yenye maana ya ubaridi. Kushoto kwake kuna nukta mbili. Mtu wa Taipei, kule Taiwan, angeweka tatu: 涼. Tofauti ya nukta moja, nayo inatosha kumwambia msomaji kwamba lebo hii imeandikwa kwa herufi zilizorahisishwa za China bara.

Hii si lugha mbili. Maneno ni yaleyale na maana ni ileile. Kinachobadilika ni umbo la baadhi ya herufi. Kwa karne nyingi Wachina waliandika kwa herufi nzito, nyingine zenye mistari zaidi ya ishirini, huku makarani na wafanyabiashara wakizifupisha kwa mkono kila mmoja kwa mazoea yake. Karne ya 20 ilipoanza, wasomi wengi waliona herufi hizo zinawafungia wananchi mlango wa elimu. Serikali ya Jamhuri ya China, ile ambayo baadaye ilihamia Taiwan, ndiyo iliyotangulia: mwaka 1935 ilitoa orodha ya herufi 324 zilizorahisishwa, ikaiondoa mwaka uliofuata kwa sababu ya upinzani. Serikali ya Kikomunisti iliyoshika madaraka mwaka 1949 ililichukua jambo hilo kwa nguvu. Mwaka 1956 ilitangaza mpango wa kurahisisha, na mwaka 1964 ikachapisha orodha kamili ya herufi zaidi ya 2,200. Mlango, 門, ukawa 门. Farasi, 馬, akawa 马. Umeme, 電, ukawa 电. Nyingi ya herufi hizo hazikubuniwa ofisini. Ni zile zile fupi za makarani na waandishi wa kale, sasa zikipewa mhuri wa serikali.

Kuanzia hapo ramani ikagawanyika. Herufi zilizorahisishwa ndizo rasmi China bara. Singapore ilizikubali kwa hatua katika miaka ya 1960 na 1970, ikafuata mfano wa Beijing kikamilifu mwaka 1976, na Malaysia ikazipeleka kwenye shule zake za Kichina mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umoja wa Mataifa nao huzitumia kwenye nyaraka zake za Kichina. Herufi za jadi zilibaki Taiwan, Hong Kong na Macau, na kwenye mitaa ya Wachina waliohama zamani kwenda Marekani na kwingineko. Hata China bara hazikufa: sheria ya lugha na maandishi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2001 inaziruhusu kwenye majengo ya kale, kwenye sanaa ya mwandiko na kwenye kazi za utafiti. Na biashara zina mila zake. Kichupa cha chui kinamilikiwa na kampuni ya Singapore, nchi ambayo watoto wake wanasoma herufi fupi, lakini jina lake limebaki katika herufi ndefu, kwa sababu wateja wanalifahamu hivyo tangu enzi za babu zao.

Jina la Rwanda lenyewe linaonyesha mgawanyiko huo waziwazi. Beijing wanaliandika 卢旺达. Hong Kong wamechagua herufi zilezile tatu lakini wanaziandika kwa umbo la jadi, 盧旺達. Taiwan wanatumia herufi za jadi na pia wamechagua sauti nyingine ya katikati: 盧安達. Nchi moja ya vilima, majina matatu kwenye karatasi, na kila moja likikuambia aliyeliandika amesomea wapi.

Nchi hii imewahi kushughulika na pande zote mbili. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, Rwanda ilikuwa na uhusiano wa kidiplomasia na Taipei, na katika miaka hiyo ya 1960 mafundi wa kilimo kutoka Taiwan walikuwa miongoni mwa waliosaidia kilimo cha mpunga kushika mizizi katika mabonde ya Rwanda. Madaftari yao, barua zao na lebo za magunia yao zilikuwa za herufi za jadi. Kisha upepo ukageuka. Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa uliamua kiti cha China kiende Beijing, na tarehe 12 Novemba mwaka huohuo Rwanda ikafungua uhusiano na Jamhuri ya Watu wa China. Waliokuja baadaye walikuja na herufi fupi: wajenzi wa barabara ya Kigali hadi Rusumo katika miaka ya 1970, na tangu mwaka 1982 madaktari kutoka mkoa unaojitawala wa Mongolia ya Ndani, ambao kwao wana hata maandishi ya tatu, yale ya Kimongolia yanayoandikwa kutoka juu kwenda chini.

Alama kubwa zaidi ya enzi hiyo iko hukuhuku Rusizi. Ukitelemka kutoka Nyakarenzo kuelekea kusini, joto linapanda kila kona, migomba inapungua, na ghafla bonde la Bugarama linafunguka: mashamba ya mpunga yaliyogawanywa kwa matuta, maji yanayong'aa, watoto wakifukuza ndege. Kando ya bonde, upande wa Mashyuza, kuna chemchemi za maji ya moto na mlima wa chokaa, na hapo kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza uzalishaji mwaka 1984. Siku hizi kimepanuliwa na umiliki wake umebadilika, kwanza ukaenda Afrika Kusini, kisha Kenya. Lakini fikiria wale mafundi wa kwanza. Fundi aliyekuwa na miaka 40 wakati huo alizaliwa mwaka 1944. Alianza shule kwa herufi za jadi, na alipofika umri wa miaka 12 mwalimu akaanza kumfundisha upya: mlango hauandikwi tena hivi, unaandikwa hivi. Mtu huyo alileta Rusizi mikono iliyokuwa na maandishi yote mawili. Nyumba nyingi za Rwanda zimesimama juu ya saruji iliyotoka kwenye kazi ya watu wa kizazi hicho.

Watu wengi huuliza ni yapi bora. Watetezi wa herufi fupi wanasema mtoto anaokoa muda, na mamilioni ya wakulima walijua kusoma kwa msaada wake. Watetezi wa herufi ndefu wanasema zimebeba historia, na anayezijua anafungua kitabu cha miaka mia tano iliyopita bila mkalimani. Kila upande una ukweli wake. Lakini Taiwan na Hong Kong, zenye herufi ngumu, nazo zilifuta ujinga karibu kabisa. Kwa hiyo nasema kwa moyo wote: kilichowafungulia watu mlango wa kusoma ni shule, vitabu na mwalimu aliyelipwa mshahara wake. Herufi ilisaidia, haikutosha. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuliona hilo upesi kuliko wengine.

Maana sisi pia tuna maandishi mawili. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tendi za Lamu na Pate, barua za wafanyabiashara, mikataba ya mashamba, vyote viliandikwa hivyo. Herufi za Kilatini zikaja na wamisionari na serikali za kikoloni, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikasanifu tahajia tunayoitumia leo. Leo Mswahili wa kawaida hawezi kusoma barua ya babu wa babu yake, ingawa akisomewa anaelewa. Na pwani yetu inayo kumbukumbu ya Kichina ya kabla ya mgawanyiko: mwaka 2013 wanaakiolojia walitangaza kupata katika kisiwa cha Manda, jirani na Lamu, sarafu ya China ya karne ya 15 yenye maneno 永樂通寶. Kati ya herufi hizo nne, mbili zimebadilika China bara, 樂 ikawa 乐 na 寶 ikawa 宝, na mbili zimebaki vilevile. Sarafu ilivuka bahari kabla mtu yeyote hajalazimika kuchagua.

Huku Rusizi watu wamelizoea jambo hili kwa namna yao. Mto unaotiririka chini ya vilima vya Nyakarenzo, ukitoka Kivu kwenda Tanganyika, upande wa Rwanda unaandikwa Rusizi. Ng'ambo, Kongo, unaandikwa Ruzizi. Vibao viwili, maji mamoja. Wanawake wanaovuka asubuhi na mboga na kurudi jioni na vitenge hawajawahi kukwama kwa ajili ya herufi hiyo moja. Mpaka kati ya Hong Kong na Shenzhen uko hivyohivyo: kuna mto, kuna kivuko maarufu cha Lo Wu, na jina lake linaandikwa 羅湖 upande wa Hong Kong na 罗湖 upande wa Shenzhen. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda kununua simu na nguo Guangzhou, wakapitia Hong Kong, wamevuka hapo na mabegi yao, kama wenzao wanavyovuka daraja la Rusizi.

Nilikaa juu ya kilima na daftari nikaandika vitu nilivyokuwa naviona, kila kimoja kwa herufi zake za Kichina. Mlima ni 山. Maji ni 水. Mto ni 河, ziwa ni 湖. Chai ya Shagasha ni 茶. Mchele wa Bugarama ni 米. Barabara ni 路. Saruji ya Mashyuza ni 水泥. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye sura mbili. Mwanafunzi wa Taipei na mwanafunzi wa Beijing wangeisoma orodha hiyo yote bila kusita hata mara moja. Mabadiliko yaliyoanza mwaka 1956 yaligusa maelfu ya herufi, lakini mengi ya maneno ambayo mtu wa Nyakarenzo anaishi nayo kila siku hayakuguswa kabisa, kwa sababu yalikuwa mepesi tangu mwanzo au yalishatosheka jinsi yalivyo.

Ukienda, nenda kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi, njia za vilima zinapokuwa kavu. Lala Kamembe, amka mapema, panda Nyakarenzo kabla jua halijawa kali, kisha telemka Bugarama mchana ule wali wa bonde lenyewe. Ingia madukani, salimia kwa "Mwaramutse" au "Mwiriwe" kulingana na saa, nunua kitu hata kidogo, na ukigeuze kabla hujakitia mfukoni. Wapeleke na watoto wako. Siku hizi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zote zina mahali pa kusomea Kichina; Chuo Kikuu cha Nairobi kilitangulia kwa kufungua taasisi ya Confucius mwaka 2005, na Rwanda ikafuata mwaka 2009. Karibu kila mwanafunzi huko anaanza na herufi fupi, na hiyo ni sawa. Ila mwalimu anayewapenda wanafunzi wake atawaonyesha na zile ndefu, ili siku wakifika Taipei au Hong Kong wasijione wageni kwenye lugha waliyoihangaikia. Asipokuwa na kitabu cha kuwaonyesha, ziara moja ya Nyakarenzo, kopo jekundu na kichupa cha chui vinatosha kuanzia.